Kompyuta Imefuta Kahawa Yangu

Leo nimeikamata kompyuta ya chama chetu cha kahawa ikidanganya, kwa akili zangu mwenyewe!

Haya, naongopa. Ni simu iliyonishtua. Mtu akigusa habari za kibanja chako, shamba lako la nyumbani, mle ndani, ujumbe unakufikia papo hapo:

"Kibanja chako kilikuwa KAHAWA NA NDIZI. Sasa ni NDIZI."

Na kahawa yangu ataipokea nani?

Nikaenda ofisi ya chama Kaisho, nikamwekea karani tawi la kahawa mbivu mezani.

"Shikamoo babu. Picha ya angani inaonyesha migomba tu."

"Marahaba. Kahawa yetu inakaa chini ya migomba, binti. Ndege yako haikuinama! Siondoki mpaka uirudishe."

Akarudisha. Simu ikalia: KAHAWA NA NDIZI.

Basi jirani Felisiani, nakutumia ujumbe huu kwa sababu mvua imenikwamisha hapa Kaisho. Juzi nilikukamatia ng'ombe wako aliyetoroka, leo nifuate na pikipiki.