Tisheti Arobaini za Keren

Ilikuwa saa nne usiku, na mlango wa chumba cha Keren ulikuwa umefungwa tangu saa tatu. Huko Amerika bado ilikuwa mchana. Watu watatu wa chuo walikuwa wakimhoji kwenye kompyuta, na kabla ya kumaliza wangemwambia kama nafasi yake bado ipo. Mimi nilikaa chini kwenye korido na yunifomu yangu ya kazi. Nilitoka kuwaogesha wazee wa watu, nikaja moja kwa moja kungoja.

Keren ni binti yangu wa pekee. Ana miaka kumi na tisa, anakimbia mita mia nane. Kocha Surjit amemfunza miaka saba katika uwanja wa hapa Peckham, London, mvua na baridi, bila kuitisha hata senti. Chuo kilipomwita, kilikubali kugharamia masomo na chakula. Nauli ya ndege ilikuwa juu yetu, kwa hiyo nikafanya tunavyofanya siku zote: nikaitisha harambee. Nilichapisha tisheti arobaini zenye picha yake akikata utepe mwishoni mwa mbio, nikaziuza kanisani baada ya ibada.

"Mama Keren, punguza bei," rafiki yangu Eufrasia alinitania. "Huyu nimemfunga nepi, leo ninunue uso wake?"

"Basi chukua mbili. Moja ya nepi."

Tulicheka. Keren naye alivaa yake, akapigwa picha pamoja na pasta. Nikaiweka Facebook.

Picha hiyo ndiyo iliyoonwa na chuo. Surjit alinieleza taratibu. Siku hizi wanariadha wa vyuo vya kule wanalipwa majina na sura zao zikitumika kuuza bidhaa, wengine wamenunua magari. Lakini mgeni mwenye viza ya masomo haruhusiwi, na tisheti zetu zilihesabiwa kuwa biashara ya namna hiyo.

"Kwa hiyo wenzake wanalipwa, na wangu anahojiwa kwa nauli?"

"Ndivyo ilivyo, Mama Keren. Wanachotaka kujua ni kama yeye mwenyewe alihusika. Kama hakujua, watasamehe."

Jioni hiyo, kabla ya mahojiano, nilimsihi aseme hakujua, kwamba ni ujinga wa mama yake. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba tisheti aliivaa yeye. Kisha akafunga mlango.

Sasa nilisikia sauti ya mwanamke ikiuliza kitu kuhusu mama. Nilisimama, nikashika kitasa. Niliazimia kuingia na kuwaambia kwa Kiingereza changu kibovu kwamba ni mimi peke yangu.

"Usiingie, mama," alisema. Kwa Kiswahili, ili wale wasielewe.

Halafu akawaambia kwamba alijua, na kwamba picha ya tisheti aliichagua yeye mwenyewe. Ni kweli. Nilikuwa nimempa tatu achague.

Nilisikia yule mwanamke akimshukuru kwa kusema kweli, akimwambia nafasi haipo tena, na kumtakia kila la heri. Kompyuta ikafungwa. Nikangoja kitasa kizunguke upande wa ndani, hata chai niliyompikia ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Hakikuzunguka.