Mguu Mfupi wa Kapasita

Mtaani walimwita Fufua, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alilipata kwa kuwasha skrini za kompyuta ambazo mafundi wengine walishaziaga. Ukimletea skrini inayomulika mara moja kisha giza, hakuwa na maswali mengi. Aliifungua mgongo, akapitisha kidole juu ya bodi ya umeme na kukuonyesha kapasita, vile vikopo vya duara vinavyotunza umeme na kuutuliza. Nzima vichwa vyake ni bapa. Mbovu zimevimba kama shavu la mwenye jino bovu.

"Adui yako huyu hapa," angekwambia. "Skrini haina kosa, bwana. Usiitukane."

Kapasita mpya za dukani hakuzipenda. Alisema zina mwili mkubwa na roho ndogo, miezi michache tu zimevimba. Yeye alizing'oa kwenye bodi kuukuu za mashine zilizotengenezwa vizuri, akazipima kwa mita yake yenye tarakimu kubwa, na zilizopita mtihani akazihifadhi kwenye makopo. Hapo ndipo palipokuwa na siri. Kapasita ina miguu miwili, wa chanya na wa hasi, na ole wako ukiigeuza: itapasuka. Ubavuni ina mstari unaoonyesha hasi ni upi. Lakini kwa Fufua mistari ile ilikuwa imeanza kufifia, na haikuwa kosa la mistari. Macho yalikuwa yanaisha. Kwa hiyo kila alipong'oa kapasita aliipeleka uani kwenye jua kali, akaishika mbali kwa mkono ulionyooka hadi mstari uonekane, kisha akaukata mguu wa hasi ukawa mfupi. Tangu hapo vidole vilifanya kazi ya macho. Hakumwambia mtu. Fundi asiyeona nani atampa kazi?

Hata mkewe hakujua, na walikuwa chumba kimoja kutwa nzima. Mke alikuwa fundi cherehani. Zamani walipogawana chumba cha mbele, mke alidai dirisha kwa sababu ya kutunga uzi, na mume akamwachia huku akijigamba kwamba macho yake yanaona hata kizani. Kibiashara yalikuwa makubaliano ya hovyo, lakini sahihi ya mdomo wake ilikuwa imeshapita, akabaki na meza ya ukutani.

Sasa akaja Mama Punguza. Huyu alikuwa akinunua kompyuta kuukuu za maofisini na kuziuza tena, na jina lake lilitokana na neno la kwanza linalotoka kinywani mwake popote penye bei. Ghala lake lilikuwa limejaa skrini zisizowaka. Alituma salamu kwamba atakuja na moja ya majaribio: ikiwaka mbele ya macho yake, zote za ghalani ni za Fufua. Isipowaka, anazipeleka kwa mafundi wa sokoni. Kwa nyumba ile, hiyo ilikuwa kazi ya mwaka mzima, na wateja wa mitaani walikuwa wamepungua sana.

Asubuhi ya siku hiyo, Fufua akiwa anaoga, mkewe aliona vibaya mgeni mkubwa namna ile aikute meza imevurugika. Akafuta vumbi, akapanga bisibisi, akafungua kopo la kapasita. Yeye ni mtu ambaye nguo haitoki mikononi mwake na uzi unaoning'inia. Akaona miguu mirefu na mifupi, ovyo ovyo, akachukua mkasi wa mumewe wa kukatia waya na kuisawazisha yote. Ikapendeza kweli.

Mama Punguza alifika, akaitua skrini mezani, akasimama. Kiti alikikataa.

"Nikikaa nitalala, fundi. Fanya nione."

Fufua alifungua, akautoa umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa, akazing'oa zile zilizovimba. Mpaka hapo mikono ilikwenda yenyewe. Akatia vidole kwenye kopo, akachukua kapasita ya kwanza, akaipapasa miguu.

Sawasawa.

Akachukua nyingine. Sawasawa. Akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akakunja uso, akaona ukungu mtupu.

"Vipi, fundi?" Mama Punguza akauliza. "Unaisomea dua?"

"Naikagua tu, mama."

Kuipeleka uani kwenye jua mbele ya mgeni kungemfichua. Neno moja lilitosha: mke wangu, njoo unitazamie mstari. Lakini neno hilo lingemfikia Mama Punguza pia, na Mama Punguza hakuwa mtu wa kusikia jambo akaliacha lipite. Fufua akakaza macho, akakisia. Akalehemu ya kwanza, ya pili, zote, akachomeka waya na kubonyeza swichi.

Puu!

Kikopo kimoja kilipasuka kichwa, kikatoa moshi wenye harufu kali. Cherehani ikanyamaza. Mama Punguza alikuwa amesharuka hadi mlangoni na mkoba wake kifuani.

"Ndiyo kufufua huku?" akasema. "Mimi maiti yangu ilikuwa imelala kimya, fundi. Wewe umeifyatua! Nifungie skrini yangu."

Fufua alimgeukia mkewe. "Nani kagusa kopo langu?"

"Mimi. Nimekusawazishia ile miguu. Kwani nimekata mguu wa nani?"

"Ule mfupi ndio hasi!"

"Ungeniambia, baba watoto. Na si pana mstari ubavuni? Huu hapa, mweupe pee."

Mke akamtazama, akaitazama kapasita aliyoishika, akamtazama tena. Mama Punguza naye, mkono ukiwa mlangoni, alikuwa anamtazama vilevile.

"Siuoni," Fufua akasema. "Muda sasa siuoni."

Mama Punguza akarudi mezani, na safari hii akavuta kiti.

"Punguza kiburi, fundi. Mimi sikuja kununua macho. Nimekuja kununua skrini inayowaka. Mkeo anaona?"

"Anaona mpaka visivyomhusu."

"Basi atazame yeye, uchome wewe. Ikiwaka, mkataba wetu uko palepale. Lakini za ghalani kwangu hazifanywi mama huyu asipokuwa pembeni yako."

Mke alisogea. Akachukua kapasita, akasema, "Hasi huku," akaiweka kiganjani mwa mumewe. Waliikagua bodi yote upya, wakazing'oa nyingine mbili alizozikosea, wakaweka sawa. Swichi ikabonyezwa. Mama Punguza aliinamisha kichwa nyuma ya mkoba kama mtu anayejikinga mvua. Skrini ikamulika, ikatulia, ikabaki imewaka. Alingoja hadi ipate moto, akaizima na kuiwasha tena mara kadhaa, ndipo akaridhika.

"Nitaleta gari," akasema. "Na kwa ule mshtuko, bei tutapunguza."

"Hatupunguzi," mke akadakia. "Sasa unalipia mafundi wawili."

Mama Punguza alicheka, jambo ambalo wanaomjua wanasema ni nadra, na akaondoka bila kupunguza.

Walipobaki wawili, Fufua alikohoa. "Mama watoto, lile dirisha…"

"Dirisha tulishakubaliana."

"Nilikuwa na macho wakati ule."

Mke alivuta cherehani hadi kwenye kona ya dirisha, ikabaki nafasi ya kutosha meza moja. "Nusu," akasema. "Na miwani ununue. Macho yangu nakuazima, sikugawii."

Akarudi kwenye kopo la kapasita, akakata uzi mwekundu, na kuanza kufunga miguu ya hasi, mmoja mmoja, ncha za uzi zikining'inia.