Karani wa Chini ya Ngazi

Mjomba wangu alikuwa karani mwenye mwandiko mzuri na kichwa kigumu. Kwa miaka mingi aliandikisha watu wenye ulemavu katika ofisi ya ghorofa ya kwanza, juu ya ngazi yenye vidato kumi na tisa vya saruji. Mlangoni kwake palibandikwa tangazo: asiyeweza kupanda ngazi ana haki ya kuhudumiwa chini. Ndiyo, lilibandikwa huko huko juu. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba ndiko ukuta ulikokuwa na nafasi.

Mama Vifungo alikuja Jumatatu moja, saa nne asubuhi. Alikuwa mshonaji, miguu imepooza tangu utotoni, na kila siku alijiburuza kwa mikono kutoka kitandani hadi kwenye cherehani yake. Alitaka kiti cha magurudumu. Sheria ilimpa, ila ilikuwa lazima karani amwone kwa macho yake, kisha aandike kitabuni neno moja: Amefika. Kaka yake alimleta kwa baiskeli, akamkalisha chini ya ngazi.

"Kamwambie karani nipo," alimwambia mlinzi, kisha akacheka. "Mwambie aliye juu namngoja chini."

Ulikuwa utani wa mtu aliyechoka. Lakini mlinzi alipofika juu aliufikisha kama ulimi ulivyozoea: "Bosi, kuna mama anasema, aliye juu mngoje chini."

Kila mtu anajua methali hiyo humwendea nani. Makarani waliangua kicheko. Mjomba, aliyekuwa amepandishwa cheo mwezi huo huo, aliona ameombewa mabaya.

"Basi na angoje," alisema. Saa tisa alifungua kitabu, na kwa ule mwandiko wake mzuri akaandika: Hakufika.

Neno hilo bado linaniudhi. Mtu kakaa saa tano kwenye saruji, halafu hakufika.

Jumatatu ya pili aliandikiwa vilevile. Ya tatu hakumtuma mtu. Alipanda mwenyewe, kwa makalio, mgongo ukitangulia, akijiinua kidato kimoja kimoja. Juu walisikia mburuzo, kimya, mburuzo. Mjomba alihesabu bila kuinuka kitini. Kwenye kidato cha kumi na moja mkono uliteleza, akaporomoka hadi chini. Mama Vifungo alifia hospitalini siku ya tisa, na jalada lake likafungwa kwa kuwa mwombaji hakufika mara tatu.

Baada ya mazishi mjomba aliteremsha meza yake. Aliibeba na mlinzi bila kuomba ruhusa, akaiweka chini ya ngazi, penye ndoo na mafagio. Wenzake wakamwita Popo, kwa kukaa gizani. Miaka sita alihudumia watu pale, wa magongo, wa fimbo nyeupe, viziwi aliojifunza kuzungumza nao kwa mikono, na hakuna aliyeandikiwa hakufika. Mimi nilimpelekea chai ya saa nne. Mara nyingi nilimkuta ametua kalamu, anatazama saruji juu ya kichwa chake.

"Umesikia?"

"Panya, mjomba."

"Panya gani anaishia kumi na moja kila siku?"

Nilisema panya kwa sababu nami nilisikia, na niliogopa.

Siku aliyostaafu, meza ilirudishwa juu. Mwaka jana akapigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, na ule mkono wa mwandiko ukabaki umelala mapajani. Juzi nilimsukuma kwenye kiti cha kuazima mpaka chini ya ngazi ile ile, aandikishwe apate cha kwake. Cha watu kinarudi kwa wenyewe Ijumaa.

"Shikamoo mzee," mlinzi mpya alisema. "Karani yuko juu. Nimwambie nini?"

Mjomba alihangaika na ulimi. "Mwambie nipo. Usiongeze neno."

Tulingoja mpaka karibu saa sita. Nilikuwa najiandaa kupanda kumtukana mtu, ndipo karani akateremka, mama wa makamo, kitabu kwapani.

"Samahani, mzee wangu. Jina?"

Mjomba hakutaja lake. Macho yalikuwa kwenye kidato cha kumi na moja.

"Kuna mtu mbele yangu," alisema. "Mwandike yeye kwanza."

"Mjomba, kiti," nilimnong'oneza. Hakunijali. Alilitaja jina la Mama Vifungo lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, bila kukwama hata mara moja.

Karani aliitazama ngazi tupu. "Simwoni mtu, mzee."

"Hata mimi nilisema hivyo."

Yule mama alisita, kalamu mkononi. Labda alitaka tu kumridhisha mgonjwa. Aliandika jina, na mbele yake akaandika: Amefika. Mstari wa chini akamwandika mjomba.

Juu yetu kikasikika mburuzo, kimya, mburuzo. Karani aliinua kichwa. Mjomba alijaribu kuhesabu, ulimi ukamshinda, nami nikamshika mkono nikamhesabia kwa sauti: kumi, kumi na moja, kumi na mbili.