Simba Wanarudi Kibombo

Leo nimekimbia, na sina haya.

Asubuhi hapa Alunguli, kijana mumoja wa kazi ya kulinda pori alipita na megafoni: « Simba wanarudi Kibombo! Wanaletwa na ndege kutoka inchi ya kigeni! »

Simba? Kwetu wazee, Simba njo wale waasi wa vita ya 1964!

Nikatangulia watu wote. Mbio, nani ananiweza? Mama Zaina, jirani yangu, nyuma analia: « Papa, wale njo waliniulia baba! »

Kijana akatufuata na pikipiki: « Wazee, ni nyama ya pori! Iko na mukia! Waliisha kule, sasa tunawarudisha. »

Mama Zaina akakaa chini, akacheka mpaka machozi. Miye sijakaa mpaka saa hii.

Watu wa rika yangu, museme kweli: mungengoja kuona mukia?