Ndama ndiye aliyeanza kugundua ugonjwa wa binti yangu

Wakuu, salaam kutoka Muze, huku bondeni kwenye joto. Walio wadogo kwangu, shikamoo zenu nimezipokea.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Anayebisha aje bomani nimwoneshe huyo ndama.

Binti yangu Kabula anakohoa tangu anatambaa. Anakula vizuri, hanenepi. Kila akipimwa TB, hana. Majirani wakaanza maneno ya kurogwa. Mnaijua sifa ya mkoa wetu, sitaki hiyo mada humu.

Sasa kulikuwa na kitu kinanikera. Ndama walikuwa wanawapita watoto wote, wanaenda kumlamba Kabula tu. Mikono, shingo, paji la uso. Nikiwafukuza wanarudi.

Siku moja tuko kwa daktari Sumbawanga mjini, mke wangu akaropoka habari za ndama. Jamani, nilitamani kuingia chini ya meza!

Daktari hakucheka. Alisema jasho lenye chumvi kupita kiasi ni dalili, akatupa rufaa.

Ikathibitika ni cystic fibrosis. Mtoto anazaliwa nayo. Milango ya chumvi kwenye seli haifunguki, makohozi yanaganda mapafuni. Dawa za kuifungua zipo, ila zinategemea aina ya hitilafu, na ya Kabula ilikuwa ngeni. Hakuna aliyejua kama kuna dawa itakayomfaa. Nililia mimi, na ndevu zangu zote.

Daktari akatuunganisha na dada mmoja Mtanzania, mtafiti kwenye maabara huko Ulaya. Yeye na wenzake wakatengeneza seli zenye hitilafu ileile ya Kabula, wakazitia kitu kinachong'aa, kisha wakajaribu dawa nyingi, kila moja na kishimo chake kwenye kisahani cha plastiki.

Juzi akapiga video call tuone. Wakuu, ni maajabu! Vishimo vidogo vidogo vimejipanga, vinang'aa. Wakatia chumvi maalumu. Vyote vikaendelea kuwaka, kimoja kikaanza kufifia.

Nikamuuliza, "Dada, hicho kimeharibika?"

Akacheka huku anafuta machozi. "Hapana kaka, hapo mlango umefunguka! Chumvi imeingia kwenye seli, ndiyo inafifisha mwanga."

Mke wangu alipiga vigelegele, simu ikaanguka.

Hawa watu nawapigia saluti. Unakaa unatazama mwanga, unaomba mmoja ufifie, kwa ajili ya mtoto ambaye hujawahi hata kumshika mkono!

Dawa hatujapewa bado. Ametuambia wazi kwamba seli si mtoto, kuna hatua za kupita. Sawa, tutazipita.

Nilichojifunza: mwambieni daktari kila kitu, hata kile mnachokionea aibu. Mwenye mtoto wa hivi, au mtaalamu wa mambo haya, karibu useme neno. Nasoma comment zote, hata za kunicheka.

Hapa ninapoandika, ndama anamlamba Kabula shingoni, naye anacheka mpaka anakohoa. Simfukuzi tena. Dada yule amesema dawa ikimkubali, hata jasho hupungua chumvi.

Basi naisubiri siku ndama atakapomnusa binti yangu, aone hana jipya, apite zake.