Bakuli Halirudi Tupu

Baba alipofariki, akina mama wa mtaani kwetu Kengeja waliokuwa na kikundi chao cha kusaidia mayatima ndio waliotubeba. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, wadogo zangu wawili wangali shule ya msingi. Sare, madaftari, masomo yangu ya jioni, vyote vilitoka kwao. Na Ramadhani ilipoingia, kila alasiri lilikuja bakuli la futari limefunikwa kawa la ukili, kutoka kwa kiongozi wao, ambaye mtaa mzima tulimwita Bi Mkubwa.

Kurudisha bakuli ilikuwa kazi yangu, nami nikiichukia. Mama hakukubali bakuli la watu lirudi tupu. Alitia ndimu. Ndimu zikiisha, alitia mchicha. Siku moja alitia mayai matatu, na kuku mwenyewe tulikuwa naye mmoja tu! Nikawaka. Tumepewa kwa sababu hatuna, sasa tunarudisha kwa sababu gani?

"Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri," mama akasema. "Haya nenda, na usiyavunje."

Mayai yale yalimtia Bi Mkubwa huruma. Kesho yake futari ikaja ndani ya kopo la plastiki, na aliyeileta akatwambia tusihangaike kulirudisha. Kusema kweli, mimi nilifurahi. Mama aliliosha kopo, akatia ndimu, akanituma vilevile. Bi Mkubwa alicheka kwa upole.

"Mwanangu, hilo la kutupa! Mwambie mamaako apumzike."

Nikarudi na kopo na ndimu zake. Mama alizipokea, akazirudisha moja moja kapuni.

Siku iliyofuata kopo lilipokuja, hakulifungua.

"Rudisha," akasema. "Apewaye kitu kisorudi ni fakiri. Mie ni jirani yake."

Nililia. Magharibi inakaribia, tumbo limeshikana na mgongo, harufu ya muhogo wa nazi inanipanda puani, na juu ya yote nina hofu. Bi Mkubwa akiona tumemdharau, nani atanisomesha? Nilimwambia mama kwamba anaitupa shule yangu kwa kiburi chake. Maneno hayo nikamwambia mzazi, tena nimefunga. Alinisogezea kopo. Nikalichukua nikaenda.

Bi Mkubwa alikuwa barazani anamenya machungwa.

"Mbona futari yarudi? Mamaako mgonjwa?"

Nilikuwa nimejitayarishia uongo mzuri njiani, lakini nilipofungua kinywa yakatoka maneno ya mama yote, kama alivyoyasema, na machozi juu yake. Bi Mkubwa akakiweka kisu chini. Nilingoja anifukuze. Badala yake aliinuka akaingia ndani, akatoka na bakuli lake lile lile la maua, akamimina futari yote humo na kuifunika kawa.

"Mwambie mamaako anisamehe," akasema. "Na bakuli langu nnalitaka, tena lisije tupu. Idi yaja, na mie sina wa kunitungia kikuba cha kifuani. Asumini la uani kwenu naliona kila nikipita, linanukia peke yake."

Nilikwenda mbio, nusura niimwage futari. Nikamfikishia mama maneno yote. Alilitazama bakuli, akapitisha kidole ukingoni mwake, kisha akawaita wadogo zangu wanawe mikono. Adhana iliposikika tulifungua kwa tende na maji, na alipoanza kupakua, alinipakulia mimi kwanza. Nilimpenda mama yangu wakati ule.

Bakuli lile liliendelea kwenda na kurudi mpaka mwezi ukaisha, nami sikunung'unika tena, au nilinung'unika kidogo tu. Usiku wa kuamkia Idi mama alikaa na sindano na uzi, akatunga kikuba cha asumini na mrehani. Alfajiri nikalipeleka bakuli.

Siku ile wanawake walijaa kwa Bi Mkubwa kupeana mkono wa Idi, na sisi tukiwamo. Alikuwa amevaa kanga mpya, na kifuani amebandika kikuba kikubwa ambacho hakuna aliyekosa kukiona. Mgeni mmoja kutoka mji wa Mkoani akamuuliza amekipata wapi kitu kizuri kama kile.

"Kwa jirani yangu," akasema.

Mama, aliyekuwa amesimama kando yangu, aliushika mkono wangu akaubana.