Kanda Mbili za Nyumba Moja

Mimi si mtu wa kutulia. Hata muziki nausikiliza nimesimama: napanga vyombo, nafungua dirisha, nalifunga, nalifungua tena. Mume wangu ananiita kiguu na njia wa sebuleni. Wiki ile nilizidi, maana Jumatatu wifi yangu alinipigia simu kutoka Keko kunishtakia kaka yangu.

"Wifi, kaka yako hasikii," alisema. "Televisheni anaiwasha mpaka majirani wanalalamika. Nikimtajia hospitali anasema mie ndo sijui kuongea. Njoo umwambie wewe."

Kaka yangu ni seremala. Miaka zaidi ya ishirini amesimama kando ya mashine ya kurandia mbao bila kuweka chochote masikioni, na ukimwuliza kwa nini, anasema fundi lazima aisikie mbao. Nilikuwa nimeona dalili mwenyewe. Alikuwa ameacha kupokea simu zangu. Ukimpigia inaita mpaka inakata, halafu baada ya dakika mbili unapata ujumbe: "Sema." Nilidhani ana dharau. Sasa nilielewa, na nikaogopa, kwa sababu huyu ndiye aliyenifundisha kusikiliza.

Kwa wanaotufahamu, sisi ni watu wa ubishi mmoja. Tulikuwa bado tunasoma, tunaishi Temeke kwa wazazi, hip hop ilipotuingia. Mwanzoni mwa miaka ya tisini ulikuwa huendi dukani kununua albamu ya Marekani. Ulikuwa unanunua kanda tupu, unaipeleka kwenye kibanda cha kurekodi, unachagua kutoka kwenye orodha iliyoandikwa kwa mkono ukutani, halafu unarudi kesho yake kuchukua. Siku moja tulikwenda pamoja na kanda mbili za dakika sitini. Kaka akachagua albamu ya kwanza ya jamaa wa upande wa magharibi, kule kwenye jua na magari ya wazi. Mimi nikachagua albamu ya kwanza ya kijana wa New York ambaye hata picha yake sikuwa nimeiona. Tumebishana tangu siku hiyo.

Ya kaka ilikuwa albamu ya mtu aliyeingia mjini na ndugu zake wote. Besi inatembea polepole, zumari la kinanda linalia juu yake, na katikati ya wimbo na wimbo watu wanapiga soga, wanacheka, mtu anagonga mlango. Hakuna haraka. Nilikuwa namwambia hiyo ni sherehe iliyorekodiwa, haijaandikwa. Ya kwangu ilikuwa fupi na kavu. Piano mbili tatu, ngoma yenye vumbi, na mtu mmoja anasimulia anachokiona dirishani bila kupumzika, kana kwamba akinyamaza watamnyang'anya zamu. Nilimpenda kwa sababu hakutulia. Kaka alikuwa anasema huyo kijana anahitaji kula kwanza ndipo aimbe.

Hoja yangu kubwa ilikuwa wimbo wa mwisho. Baada ya ukavu wote ule, mwisho wa upande wa pili albamu yangu ilikuwa inafunguka. Besi nzito inaingia, sauti nyingine kabisa inashika mistari, nasi tukajua ni rafiki aliyealikwa. Nilikuwa namwambia kaka: tazama ujasiri wa mtu wa albamu ya kwanza, anawaweka roho juu albamu nzima, halafu anafungua mlango dakika tano za mwisho. Nani wa kwako anaweza hivyo? Na kaka, ambaye alikuwa hakubali kitu, alikuwa anakubali hilo tu. "Huo mmoja sawa," anasema. "Hizo nyingine zote mpe mwenyewe." Nimeishi na ushindi huo mdogo mpaka nimepata miwani ya kusomea.

Basi Jumatano ya wiki hiyohiyo, nikiwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili na kichwa hakitulii, nikaitafuta albamu yangu kwenye simu. Sikuwa nimewahi kuisikiliza nzima tangu kanda ilipokatika. Nikaisikiliza mpaka ikafika mwisho, na mwisho ukaja mapema. Ule wimbo haukuwepo. Nikarudia orodha kwa kidole, wimbo kwa wimbo. Nikaandika mstari niliokuwa naukumbuka, nikautafuta, na simu ikaniletea wimbo wangu, na picha yake, na jina la albamu. Ulikuwa wimbo wa mwisho wa albamu ya kaka.

Nilisimama jikoni nikapiga hesabu. Albamu yake ilikuwa ndefu, haikuenea kwenye kanda ya dakika sitini. Yangu ilikuwa fupi, ilibaki na nafasi. Yule wa kibandani alijua kanda mbili zinakwenda nyumba moja. Akaona hakuna haja ya kumdhulumu mtu wimbo, akauweka mahali palipobaki, kama mama anayehamishia mboga kwenye sahani ya mtoto wa pili. Hakuandika chochote kwenye karatasi ya kanda. Na kaka hajui mpaka leo, maana hata nyimbo alizonazo kwenye flashi alihamishiwa kutoka kanda ileile. Miaka yote hiyo nimemchapa kaka yangu kwa fimbo yake mwenyewe.

Nilicheka peke yangu, halafu nikaona aibu. Nikaamua Jumamosi niende Keko na mambo mawili. Nitamkabidhi ushindi wake, afurahi, na akiwa bado anafurahi nitamtajia hospitali. Niliona ni mpango mzuri sana. Usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa nililala vipande vipande.

Nilifika saa nne asubuhi kwa bajaji. Karakana ilikuwa inafanya kazi, makochi bila nguo yamepangwa mpaka barabarani, mtu anapiga msasa miguu ya kitanda. Kaka alikuwa kwenye randa amenipa mgongo. Nilimwamkia mara mbili. Mara ya tatu nikamshika bega, akaruka.

"Shikamoo kaka!"

"Marahaba. Mbona unakuja kimyakimya kama mgambo?"

Kabla sijajibu, umeme ukakatika. Mashine yake ikazimika, na za majirani zote. Nilishukuru, nikijua sasa tutaongea vizuri. Akapangusa maranda kwenye benchi, nikakaa, nikainuka, nikakaa tena. Nikatoa simu.

"Nimekuletea albamu yako," nikasema, nikiipunga simu na kumwonyesha yeye kwa kidole. "Nzima, imesafishwa. Sikiliza."

Nilitaka kuanza na wimbo wake wa kwanza, anogewe, kisha nimpeleke kwenye ule wa mwisho nimweleze. Nikabonyeza. Kwa haraka zangu nikawa nimefungua ya kwangu, ambayo ndiyo ilikuwa imebaki kwenye simu tangu Jumatano. Piano ikaanza, na ngoma yenye vumbi. Nilipotaka kuizima nikamwona kaka.

Alikuwa amefumba macho na kuinamisha kichwa, akikitikisa taratibu sana, kwa mwendo wa besi ambayo haikuwepo. Wimbo uliokuwa unapigwa ulikuwa unakwenda mbio mara mbili ya kichwa chake.

"Unaona?" akasema kwa sauti kubwa. "Unaona huyu mtu? Hakuna anayeanza hivi. Wa kwako anaweza hivi?"

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo tangu nasuka nywele za shule. Kaka anaisifu albamu yangu, mbele ya mafundi wake, na nilitamani ardhi inimeze. Nilishindwa kuzima. Nikabaki nimeishika simu mbele yake, na ndipo alipofumbua macho akaitazama skrini. Picha ya albamu ilikuwa pale, kubwa, na ile picha anaifahamu, ameitukana vya kutosha.

Kichwa kikasimama. Akanitazama mimi, kisha simu, kisha mafundi, ambao ghafla kila mmoja alipata msumari wa kutafuta. Akavuta kigoda akakaa, magoti yake yakigusana na yangu.

"La kushoto limekufa," akasema. "La kulia, maneno ndiyo yamekwenda. Midundo nailenga tu. Huwa naikumbuka."

"Toka lini?" nikauliza, na nikauliza tena karibu na sikio la kulia.

"Mwaka wa pili huu."

"Kaka, mbona hukusema? Kwa nini hukuniambia hata mimi?"

Alikuwa anachomoa kijiti cha mbao kwenye kiganja, taratibu, kama hakuna mtu anayemsubiri.

"Ningekwambia ungenionea huruma," akasema. "Ungeanza kunikubalia. Ukinikubalia, tutaongea nini mie na wewe?"

Machozi yalinitoka, sikuyaficha. Nilikuwa nimekuja Keko kumkubalia. Hoja nilikuwa nayo tayari, na ushahidi nilikuwa nao mkononi. Nikautafuta ule wimbo wa mwisho kwenye simu, ambao kwa haki zote ni wake, nikaizima simu na kuiingiza kwenye pochi. Nikainama mpaka mdomo ukagusa sikio lake la kulia.

"Jumatatu saa mbili nakuja kukuchukua twende hospitali," nikapiga kelele, na karakana nzima ikageuka. "Na ile sherehe yako bado mbovu! Haina hata wimbo mmoja wa kufungia!"

Alinisikia. Nilijua alinisikia, kwa sababu aliinuka kwenye kigoda kunijibu.